Mgeni wa Miaka Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana na kurekodi vipande vilivyobaki Alhamisi kumesimama. Paa la studio yetu ni la bati, na mvua ikishika hakuna maikrofoni inayosikia kitu kingine. Kila mwaka tunaambiwa dari itawekwa, na kila mwaka tunakaa kwenye sebule ya uongo tukisubiri mawingu yachoke. Daftari hili nililinunua la kuorodheshea sauti. Leo nimeona niandike watu.

Kazi yangu ni kutia vicheko. Nikiulizwa nafanya nini huwa nasema "mambo ya sauti", maana nikisema ukweli watu hudhani nawatania. Waigizaji wakimaliza, mimi huketi kwenye kichumba kisicho na dirisha nikaweka kicheko panapostahili, na siku hizi hata pasipostahili. Kipindi chetu kinaitwa Siku ya Tatu. Mgeni alikuja kwa watu kukaa siku mbili, na ile ya tatu, ya kupewa jembe, haijafika mpaka leo. Ni miaka kumi na saba sasa, sehemu mia sita na kumi na mbili.

Mgeni mwenyewe ni baba yangu mdogo. Ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, ndiye aliyeniombea kazi hii, na tangu afiwe na mkewe anakaa kwangu, chumba cha uani. Watu wote barabarani wanamwita Mgeni. Mimi namwita Baba.

Jana jioni nilikuwa natazama na binti yangu. Ana miaka kumi na minne na ulimi wa wembe. Akaniuliza, "Mama, mbona wanacheka kabla hajasema?"

Nikarudisha nyuma. Kweli. Baba anavuta pumzi, hajatamka bado lile neno lake, "Kesho naondoka, panapo majaaliwa," na kicheko changu kimeshamwagika. Nimekiweka hapo mara nyingi mno, mkono umezoea, haumsubiri tena mwenye neno.

Alhamisi, 7 Machi

Tumerekodi sehemu ya 613. Hakuna la kusema.

Jumamosi, 9 Machi

Vicheko vyangu vyote ni vya watu wa kweli. Miaka mitatu ya kwanza kulikuwa na mabenchi mbele ya sebule, na kila Alhamisi watu walipanga foleni kuja kuketi. Baadaye mabenchi yakahamishiwa stoo ili kamera ya pili ipate pa kusimama, tukabaki na kanda. Nimewapa majina. Kuna Birika, mwanamke anayeanza taratibu halafu anachemka. Kuna Bwana Kikohozi, ambaye kila akicheka hupaliwa. Kuna Mchelewaji, anayeelewa utani wenzake wakishanyamaza, na huyo ndiye kipenzi changu. Kuna mtoto mmoja wa miaka minne hivi, ambaye sasa atakuwa kijana mwenye ndevu mahali fulani, na hana habari kwamba kila Jumapili jioni anacheka kwa sauti yake ya utotoni kwenye nyumba za watu.

Leo nimefanya kazi huku mvua inanyesha. Nikivaa vidude vya masikioni sijui tena ipi ni mvua na upi ni umati unaopiga makofi. Nilisinzia kidogo. Niliona mabenchi yamejaa, wote wamelowa, wote wananitazama mimi.

Jumanne, 12 Machi

Kikao. Mkuu wa vipindi alisema watazamaji wamepungua nusu. Mmoja akalaumu simu, mwingine akalaumu saa ya kurushwa, fundi taa akalaumu mvua. Sisi wenyewe hatukujilaumu.

Kumbe Mwongozaji, ambaye ameliendesha hili jahazi tangu sehemu ya kwanza, ameshaletewa mwandishi mpya. Ni msichana wa miaka ishirini na minane hivi, mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Nilishambatiza Miwani kabla hajaketi. Alisema ametazama sehemu zote, mfululizo, kwa miezi miwili. Mtu wa namna hiyo anafaa kuonewa huruma, si kuajiriwa.

Lakini alisema hivi: "Mwaka wa kwanza, watu wa nyumba hii walitaka Mgeni aondoke na waliona haya kumwambia. Kila mtu amewahi kuwa na mgeni wa hivyo, na kila mtu ameona haya hizo. Ndiyo maana tulivunjika mbavu. Mwaka wa tano mkaanza kumpenda. Mwaka wa nane mkamfanya msuluhishi wa ndoa za watu. Sasa hivi nani anataka aondoke? Hakuna. Mgeni asiyemchosha mtu si mgeni, ni ndugu tu amekaa kwenye kochi."

Mke wa Nyumba, yaani mama anayeigiza mwenye nyumba, alikuwa anajitazama kwenye kioo cha mkoba. Hakuinua macho. "Kwa hiyo kosa letu ni kumpenda mtu."

"Kwenye vichekesho, ndiyo, mama."

Akaendelea. Akasema lile neno la Mgeni zamani lilikuwa linamponyoka, mara moja kwa mwezi, na sasa analipakua mara nne kila Jumapili, na watu wanapiga makofi kwa kulitambua, si kwa kuchekeshwa. "Mnamsalimia mtu mnayemjua. Hamcheki."

Nilimchukia papo hapo, kwa sababu kila alilosema nililijua na sikuwahi kulisema.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Hatukurekodi.

Jumapili, 17 Machi

Basi niliandike, maana nimelizunguka wiki mbili. Baba anasahau.

Si usahaulifu wa wazee wa kutafuta miwani iliyo kichwani. Leo, Jumapili, nimemkuta getini amevaa viatu na koti, anasubiri gari la kazini. Nikamwambia leo ni mapumziko. Akasema sawa, akarudi ndani, dakika kumi baadaye yuko getini. Mara ya tatu nikasimama naye chini ya mwavuli, tukalisubiri pamoja gari lisilokuja, na alikuwa na furaha kabisa. Jana alimwita binti yangu kwa jina langu. Mimi hakuniita jina lolote.

Ila ukimwambia, "Mgeni, unaondoka lini?" mwili wote unanyooka. Mkono wa kushoto unakwenda kwenye mkanda, nyusi zinapanda, na neno linatoka kamili. Mistari ya Siku ya Tatu haijamtoka hata mmoja. Imerudiwa mno. Kila wiki sebule ileile, chai ileile, swali lilelile na jibu lilelile. Kinachowachosha watazamaji ndicho kinachomshikilia Baba. Miwani akibadilisha maneno, Baba atajulikana. Akijulikana atatolewa, na akitolewa pale sijui nitabaki na nani chumba cha uani.

Hakuna anayejua kazini ila mimi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Alhamisi, 21 Machi

Muswada wa kwanza wa Miwani. Ni mzuri, na hilo linaniudhi. Ndani yake Mgeni amevunja kitasa cha choo na watu wa nyumba wanaogopa kumwuliza. Nilisoma nikacheka peke yangu, kwa sauti, na nikashtuka kusikia kicheko ambacho sikukiweka.

Nilikaa na Baba siku nne tukiyakariri maneno. Asubuhi kwenye gari alikuwa nayo. Taa zilipowaka, hayapo. Tumerudia mara kumi na tisa. Mwongozaji akasema mzee ana mafua. Mzee akakubali ana mafua.

Sasa sikiliza. Mke wa Nyumba, ambaye miaka yote hii nimemwona ni mtu wa kujisikia, ana mtindo wa kuhamisha vyombo mezani katikati ya mazungumzo. Anageuza sahani, anainua kifuniko cha bakuli la sukari, anasogeza kikombe. Nimekuwa nikilalamika, maana kila kikombe kinanipa kelele ya kusafisha. Leo nilikwenda mezani wenzangu walipotoka. Nikainua kifuniko cha sukari. Ndani yake, kwa chaki: *kitasa kilikuwa kibovu tangu nije*. Nikageuza sahani. *Muulize mumeo.* Chini ya kila chombo kulikuwa na neno la Baba.

Nilimfuata chumba cha kujipodoa. Hakunipa nafasi ya kuuliza.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Wakati wa jua kali. Alinisahau mimi kabla ya kusahau maneno."

"Na hukuniambia?"

"Na wewe uliniambia?"

Tulikaa pale tukitazamana kwenye kioo, kila mmoja akimlinda mzee dhidi ya mwenzake. Nikaona aibu kwa yote niliyowahi kumsema.

Jumatatu, 25 Machi

Amenitambua asubuhi nzima. Kanisimulia hata hadithi ya baba yangu alivyoanguka kwenye pipa la rangi. Siku njema.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua ilitufungia saa tano nzima. Umeme ulikatika, tukabaki na mwanga wa mlangoni, wa kijivu, unaoifanya sebule ya mbao ionekane ya kweli kuliko inavyoonekana kwenye kamera. Mwongozaji alilala kwenye zulia. Mke wa Nyumba alikuwa anashona kifungo. Miwani alikuwa kwenye kizingiti cha dirisha lenye anga la kuchorwa, anaandika. Nje maji, ndani kimya, hakuna aliyeigiza. Nikaona kama sote tunaishi humu kweli na zile nyumba tunazorudi jioni ndizo za kuigiza.

Baba akasimama, akajinyoosha, akasema, "Naona nikapumzike kidogo chumbani."

Akafungua mlango wa kushoto, ule ambao kwa miaka kumi na saba amekuwa akitokea kana kwamba ametoka kulala. Nyuma yake kuna nyaya, ndoo ya rangi na ukuta wa matofali. Alisimama akitazama. Nilitaka kuinuka, lakini Mke wa Nyumba aliniwahi. Akaweka sindano chini, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chumba kinafagiliwa, kaka. Pumzika hapa kochini."

"Ahsante," akasema. "Mmenitunza sana hapa kwenu."

Akalala kwenye kochi, naye akamfunika kwa kitambaa cha meza. Niliona Miwani ameacha kuandika. Alikuwa anamtazama Baba, kisha akanitazama mimi. Nikageuza uso.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka sabuni.

Alhamisi, 18 Aprili

Ngoja niandike kabla sijajidanganya.

Sehemu ya 618. Mke wa Nyumba anamimina chai, Mume wa Nyumba anasoma gazeti, Mgeni yuko katikati. Swali ni lilelile, "Mgeni, unaondoka lini?" Miwani alikuwa ameshalegeza kamba, amemrudishia Baba neno lake la siku zote ili angalau apate pa kushika.

Mke wa Nyumba akauliza. Baba akaweka kikombe chini. Mkono haukwenda kwenye mkanda. Akamtazama, akamtazama mumewe, akatazama ukuta, na akasema polepole, kwa adabu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye kanda zangu:

"Samahani, mama. Nimekaa hapa siku nyingi na nyinyi ni watu wema. Lakini siwafahamu. Naomba mtu anionyeshe njia ya kwenda kwetu."

Sasa, waigizaji wetu wamefundishwa jambo moja kuliko yote. Ukimaliza neno la kuchekesha, mnasimama, mnahesabu tatu, mnaniachia mimi nafasi ya kicheko. Wamelifanya mpaka limewaingia damuni. Nimemwona Mume wa Nyumba akilifanya kwenye msiba. Basi Baba aliomba aonyeshwe njia ya kwenda kwao, na watu wote pale, kwa mazoea tu, walisimama wakahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Hakuna aliyeinua mkono. Hata mimi kwenye kichumba changu nilikuwa nahesabu.

Mwongozaji akapiga makofi. Alikuwa na machozi ya kicheko. "Mzee, hiyo umeitoa wapi? Miaka kumi na saba, leo ndiyo umenishangaza."

Baba akatabasamu, kwa sababu watu walikuwa wanatabasamu.

Ijumaa, 19 Aprili

Kutwa nzima nilikuwa nayo kwenye spika. Nimeisikiliza labda mara arobaini. Ningeweza kwenda juu nikasema, mzee huyu haigizi. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikafikiri: wanafurahi, kipindi kitapona, hawatamgusa.

Nikamtia Birika. Nikamtia Bwana Kikohozi. Nikamtia yule mtoto. Nikaweka umati mzima wa mwaka wa kwanza, sekunde kumi na moja, kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo, juu ya Baba anayeomba njia ya kwenda kwao. Nilikuwa najua ninachofanya.

Jumapili, 21 Aprili

Imerushwa. Binti yangu alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Halafu akanyamaza ghafla, akageuka kumtazama babu yake aliyekuwa kwenye kiti, akimenya machungwa.

"Mama," akasema.

"Tazama mbele," nikamwambia.

Jumatano, 24 Aprili

Liko kila mahali. Muuza magazeti, karani wa benki, watoto wa shule wakitoka mchana, wote wanaombana waonyeshwe njia ya kwenda kwao. Nilikwenda na Baba dukani kununua betri. Mwenye duka akaweka mkono kifuani akasema, "Samahani, mzee, siwafahamu," na wateja wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, kicheko cha mtu asiyejua kinachochekwa ila hataki kuwaharibia wenzake. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka tulipofika nyumbani. Mkuu wa vipindi amepiga simu mara mbili. Anataka kila sehemu Mgeni asiwatambue.

Nimekuwa nikisema watu wamekichoka kipindi kwa sababu ya mazoea. Sasa wamepata jipya, na jipya lenyewe ni maradhi ya mtu.

Ijumaa, 26 Aprili

Miwani amekuja kichumbani kwangu. Hakukaa, kwa kuwa hakuna kiti cha pili.

"Hakuwa anaigiza," alisema.

Nikaendelea kugusagusa vitufe.

"Dada, mimi nimetazama sehemu zote. Nayajua macho yake. Mwaka wa kumi na tano anaanza kutafuta meza kwa mkono kabla ya kuweka kikombe. Mwaka wa kumi na sita anajibu swali kabla halijaisha, asije akalisahau. Nilidhani kachoka na kazi. Siku ile ya mvua nikaelewa."

"Kwa hiyo utakwenda kusema."

"Hilo si langu kulisema. Nimeambiwa niandike nyingine kumi za namna ile. Siandiki." Aliivua miwani akaifuta, na bila hiyo ana sura ya mtoto aliyekosa usingizi. "Nataka kuandika moja tu. Mgeni anaondoka."

Nikamwambia akimtoa mle ndani amemzika. Nikamwambia maneno yale ndiyo nyumba yake, na kwamba yeye ni mtoto wa juzi hajui kulea mzee. Nilisema mengi. Alisubiri niishiwe.

"Bibi yangu alikuwa hivyo," akasema. "Tulimwacha aendelee kupika, kwa sababu kupika ndiko kulikomfanya awe yeye. Siku moja akaungua. Dada, nyinyi mnaigiza ili yeye asahau vizuri. Na Jumapili mimi na nchi nzima tulimcheka. Itabidi aondoke angali bado anaweza kuondoka kwa miguu yake."

Nilimwambia atoke. Alipotoka nililia, na nilikasirika kwamba kwenye kichumba kile hata kilio hakina mwangwi.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemwambia Mwongozaji. Tulikuwa stoo, kati ya yale mabenchi ya zamani. Nilisema lote, pamoja na la kicheko. Mke wa Nyumba alikuja kusimama nami bila kuitwa.

Nilitegemea afoke. Aliketi kwenye benchi mojawapo.

"Nilimpigia makofi," akasema.

Kisha akasema kwamba miaka sita iliyopita alijua kipindi kimekwisha. Alilijua siku ile ambayo yeye mwenyewe hakuwa tena na hamu ya kuona kitakachotokea. Lakini kila alipotaka kukizima aliwaza, tutakutana wapi tena Alhamisi? "Tulikuwa tunarekodi ili tuonane," akasema. Na mimi nilikuwa nadhani ni mtu asiyeona.

Amekwenda juu mwenyewe kuzungumza na wakubwa. Sijui aliwaambia nini. Wametupa sehemu moja ya mwisho, na ile ya 618 haitarudiwa kuonyeshwa.

Alhamisi, 9 Mei

Tumesoma muswada kwa pamoja. Baba hana mstari hata mmoja. Miwani amewaandikia wengine tu, na palipo zamu yake ameacha nafasi nyeupe. "Ajibu atakalojibu," alisema. "Nyinyi mumjibu kama watu."

Mvua inapungua. Inakuja alasiri, inanyesha robo saa, inakwenda zake.

Alhamisi, 16 Mei

Paa lilikuwa kimya leo.

Sikukaa kichumbani. Nilisimama nyuma ya mlango wa mbele wa sebule, upande wa nyaya, nikiwa nimeshika koti lake. Kupitia upenyo niliwaona. Walikunywa chai. Mume wa Nyumba alimshukuru kwa mambo ambayo Mgeni aliyafanya mwaka wa pili, wa sita, wa kumi na moja, na Baba akawa anaitikia kwa kichwa, akisema "Ndiyo, ndiyo," akifurahia kusikia habari za mtu huyo mwema.

Halafu Mke wa Nyumba akaweka kikombe chini. Hakuna chombo alichokihamisha.

"Mgeni, unaondoka lini?"

Mkono ukaenda kwenye mkanda. Nyusi zikapanda. Neno likatoka lenyewe, zima, zuri kama siku ya kwanza. "Kesho naondoka, panapo majaaliwa."

Hapa ndipo ambapo watu husimama na kuhesabu. Hawakuhesabu.

"Ni leo, kaka," akamwambia.

"Leo?"

"Leo."

Alilifikiria. Alimtazama usoni, sijui alimwona nani. "Haya," akasema. "Basi nisindikizeni."

Wakasimama wote. Si Mke wa Nyumba peke yake kama ilivyoandikwa. Mumewe akaacha gazeti, Mwongozaji akatoka nyuma ya kamera, fundi taa akashuka ngazi, Miwani naye. Wakamsindikiza mpaka mlangoni kama inavyotakiwa mgeni asindikizwe. Mlango ukafunguka, akaniona nimeshika koti. Akanyoosha mikono nyuma nimvalishe.

"Tumechelewa?" akaniuliza.

"Hapana, Baba. Saa yake ndiyo hii."

Ijumaa, 17 Mei

Nimefunga kazi ya sehemu ya mwisho. Sikuweka kicheko hata kimoja. Mkuu wa vipindi alisema watu hawatajua wacheke wapi. Nikamwambia wakipata cha kuwachekesha watacheka bila kufundishwa.

Jumapili, 26 Mei

Kumekauka. Nimeanika magodoro. Baba aliamka, akavaa viatu, akaenda getini, akasubiri. Sikumwambia lolote. Nilipeleka viti viwili.

Siku kumi hizi zimekuwa ngumu. Hana Alhamisi tena. Anauliza watu wako wapi, nami sijui anaulizia watu gani. Mke wa Nyumba huja siku akipata nafasi, anamwita kaka, wanakunywa chai. Nilimtoa Baba pale kwa heshima, nakubali, lakini heshima haimshughulishi mtu asubuhi nzima. Nimeshamlaumu Miwani kimoyomoyo mara kadhaa na nimeshamsamehe mara hizohizo.

Jumanne, 4 Juni

Stesheni imeanza kurudia Siku ya Tatu tangu mwanzo, kila siku saa kumi alasiri. Sikutaka kutazama. Binti yangu ndiye aliyewasha, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, sikumwuliza. Sehemu ya kwanza. Picha imechakaa, sebule haina hata zulia. Mlango unagongwa, na anaingia Baba wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, na begi mkononi, akisema amepita kusalimu tu.

Baba aliacha kula. Akainama mbele.

Mgeni akaulizwa atakaa siku ngapi. Akasema mbili. Akatazama kochi, akalikalia, akapotelea ndani yake mpaka magoti yakafika kidevuni. Baba akacheka. Nimefanya kazi ya vicheko miaka kumi na saba na nimemjua mzee huyu maisha yangu yote, na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, kichwa nyuma, kiganja pajani, hana haraka, hana anayemfurahisha. Binti yangu akaanza kumcheka anavyocheka, mimi nikamcheka binti yangu, na wote watatu tukawa hatujiwezi.

Alipopata pumzi alinigusa goti. "Huyu bwana ni nani?"

"Ni mgeni," nikasema.

"Na wenyeji wanamvumilia?"

"Wanampenda sana, Baba."

"Wana haki." Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Ukikutana naye mwambie kuna mzee amemchekesha."

"Nitamwambia."

Nikataka kusema na mengine, lakini aliweka kidole mdomoni kuninyamazisha, maana yule bwana alikuwa anataka kusema.